Kuachia Sehemu ya Mshahara kwa Ajili ya Pensheni: Athari Zake kwa Kodi ya Riba ya Akiba Nchini Uingereza

Mfanyakazi nchini Uingereza anayekubali kupunguziwa mshahara ili fedha hizo ziingizwe na mwajiri katika mfuko wake wa pensheni anaweza, bila kuigusa akaunti yake ya benki, kupunguziwa pia kodi ya riba ya akiba yake. Hata hivyo, nafuu hiyo haimfikii kila mtu. Humfikia zaidi yule ambaye jumla ya kipato chake iko karibu na mpaka wa daraja moja la kodi na jingine. Kwa walio mbali na mipaka hiyo, kodi ya riba hubaki kama ilivyokuwa.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na Bajeti ya Serikali ya Uingereza iliyowasilishwa tarehe 26 Novemba 2025. Bajeti hiyo ilitangaza kuwa viwango vya kodi ya riba ya akiba vitaongezwa kwa pointi mbili za asilimia kuanzia Aprili 2027, na kwamba kuanzia Aprili 2029 mchango wa pensheni unaotokana na kuachia mshahara utatozwa michango ya Bima ya Taifa kwa kiasi kinachozidi paundi 2,000 kwa mwaka. Aidha, mipaka mikuu ya kodi ya mapato itabaki ilivyo hadi Aprili 2031. Kwa kuwa mishahara hupanda ilhali mipaka imesimama, watu wengi zaidi watajikuta wakivuka kwenda daraja la juu, wakiwemo Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wanaofanya kazi nchini humo katika sekta za afya, uhandisi, elimu na huduma.

Maana ya kuachia mshahara

Katika utaratibu huu, mwajiri na mwajiriwa hubadilisha masharti ya mkataba wa ajira. Mwajiriwa huacha sehemu ya mshahara wake wa fedha taslimu, na mwajiri huahidi kuingiza kiasi hicho katika mfuko wa pensheni kama mchango wa mwajiri. Kisheria, kiasi kilichoachwa si mshahara tena. Hakihesabiwi katika kodi ya mapato wala, kwa sasa, katika michango ya Bima ya Taifa ya pande zote mbili.

Utaratibu huu hutofautiana na njia nyingine mbili za kuchangia pensheni. Njia ya kwanza ni ile ambayo mchango hukatwa katika mshahara kabla ya kukokotoa kodi ya mapato. Mpango wa pensheni wa watumishi wa NHS, ambao wauguzi wengi kutoka Afrika Mashariki ni wanachama wake, hufuata njia hii: mchango wa mwanachama hupunguza kipato kinachotozwa kodi, lakini Bima ya Taifa hutozwa kwa mshahara wote. Njia ya pili ni ile ambayo mchango hutolewa baada ya mshahara kukatwa kodi, kisha mfuko wa pensheni hudai kutoka serikalini nyongeza ya asilimia 20. Anayetoa paundi 80 kwa njia hiyo huwekewa paundi 100 katika mfuko wake.

Tofauti kati ya njia hizi tatu ndiyo inayoamua iwapo kodi ya riba itabadilika au la.

Jinsi riba inavyotozwa kodi

Benki za Uingereza huwalipa wateja riba yote bila kukata kodi. Mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili na kumalizika tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata, unapokwisha, benki huwasilisha taarifa za riba kwa Mamlaka ya Mapato na Forodha ya nchi hiyo, HMRC. Mamlaka hiyo hukokotoa kodi kwa kuipanga riba juu ya mshahara. Mshahara hukaa chini na kujaza madaraja ya mwanzo. Riba huwekwa juu yake na kutozwa kwa kiwango cha daraja inapoangukia.

Kila mtu, isipokuwa mwenye kipato kikubwa sana, huruhusiwa kupata paundi 12,570 za mwanzo kwa mwaka bila kulipa kodi. Kipato kinachofuata, hadi jumla ya paundi 50,270, hutozwa kiwango cha msingi cha asilimia 20. Kinachozidi hapo, hadi paundi 125,140, hutozwa kiwango cha juu cha asilimia 40. Kinachozidi paundi 125,140 hutozwa asilimia 45.

Juu ya hayo, wenye akiba wana nafuu mbili maalumu.

Nafuu ya kwanza ilianza tarehe 6 Aprili 2016. Mlipa kodi ambaye kipato chake chote kiko ndani ya kiwango cha msingi huruhusiwa kupata riba ya paundi 1,000 kwa kiwango cha sifuri. Ambaye sehemu yoyote ya kipato chake imefika kiwango cha juu huruhusiwa paundi 500. Ambaye sehemu yoyote imefika kiwango cha asilimia 45 hana nafuu hiyo kabisa.

Nafuu ya pili ni ya wenye kipato kidogo. Riba ya hadi paundi 5,000 hutozwa asilimia sifuri iwapo kipato kingine kisicho cha akiba, kama vile mshahara au pensheni, hakizidi paundi 12,570. Kila paundi moja ya mshahara inayozidi hapo hupunguza nafuu hiyo kwa paundi moja, na mshahara ukifika paundi 17,570 nafuu yote huisha.

Jambo moja muhimu hufichwa na neno nafuu. Riba inayotozwa asilimia sifuri haijasamehewa. Bado huhesabiwa katika jumla ya kipato. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye mshahara wa paundi 50,000 na riba ya paundi 600 ana kipato cha paundi 50,600. Amevuka mpaka wa paundi 50,270 kwa sababu ya riba yenyewe, na nafuu yake hushuka kutoka paundi 1,000 hadi 500, hivyo paundi 100 za riba yake hutozwa kodi.

Mfano wa mwenye kipato karibu na paundi 50,270

Chukua mfano wa mhandisi mwenye mshahara wa paundi 52,000 kwa mwaka na riba ya paundi 900. Jumla ya kipato chake ni paundi 52,900. Kwa kuwa amevuka mpaka, nafuu yake ya riba ni paundi 500. Paundi 400 zinazobaki hutozwa asilimia 40, yaani kodi ya paundi 160.

Mhandisi huyo akiachia paundi 2,700 za mshahara ziende katika pensheni, mshahara wake huwa paundi 49,300. Ukijumlisha riba, kipato chake ni paundi 50,200, chini kidogo ya mpaka. Nafuu yake hurudi kuwa paundi 1,000, na riba yake yote ya paundi 900 hutozwa asilimia sifuri. Kodi ya riba imeshuka kutoka paundi 160 hadi sifuri.

Faida hiyo huongezeka juu ya nafuu ya kawaida ya kuchangia pensheni. Kodi ya mshahara wake hupungua kwa paundi 886, na michango yake ya Bima ya Taifa kwa paundi 112.20. Ukijumlisha na paundi 160 za riba, jumla ni paundi 1,158.20. Maana yake ni kwamba paundi 2,700 zimeingia katika pensheni yake, ilhali fedha anazobaki nazo mkononi zimepungua kwa paundi 1,541.80 tu.

Mhandisi huyo angekuwa na mshahara wa paundi 60,000, kuachia paundi 2,700 kusingebadilisha kodi ya riba hata kidogo. Angebaki na paundi 57,300, bado ndani ya kiwango cha juu, na nafuu yake ingebaki paundi 500. Vivyo hivyo, mwenye mshahara wa paundi 35,000 na riba ya paundi 300 hatozwi kodi ya riba kabla wala baada ya kuachia mshahara. Wote wawili wangepata nafuu ya kodi ya mshahara, riba isingehusika.

Mfano wa mwenye mshahara mdogo na akiba kubwa

Hali hii huwapata watu waliouza nyumba, waliorithi fedha, au waliopunguza saa za kazi wakikaribia kustaafu. Chukua mfanyakazi wa muda mwenye mshahara wa paundi 18,000 na riba ya paundi 3,000. Mshahara wake umepita paundi 17,570, hivyo hana nafuu ya wenye kipato kidogo. Ana paundi 1,000 tu za nafuu ya kawaida. Paundi 2,000 za riba hutozwa asilimia 20, sawa na paundi 400.

Akiachia paundi 2,000 za mshahara, hubaki na paundi 16,000. Sasa kuna nafasi ya paundi 1,570 kati ya mshahara wake na paundi 17,570, na riba ya kiasi hicho hutozwa asilimia sifuri. Akiongeza paundi 1,000 za nafuu ya kawaida, riba ya paundi 2,570 imefunikwa. Paundi 430 zinazobaki hutozwa kodi ya paundi 86. Ameokoa paundi 314 kwenye riba peke yake, pamoja na paundi 400 za kodi ya mshahara na paundi 160 za Bima ya Taifa.

Hapa ndipo njia ya kuchangia inapoleta tofauti kubwa. Mfanyakazi huyo akichangia kwa njia ya kutoa fedha baada ya kodi, akalipa paundi 1,600 na mfuko ukawekewa paundi 2,000, mshahara wake katika hesabu za HMRC hubaki paundi 18,000. Nafuu ya wenye kipato kidogo haifunguki, na kodi ya riba hubaki paundi 400. Kwa mwenye kipato karibu na paundi 50,270 hali si hiyo: mchango wa baada ya kodi hupanua daraja la msingi kwa kiasi cha mchango pamoja na nyongeza yake, na hivyo unaweza kurudisha nafuu ya paundi 1,000. Kwa ufupi, mwenye mshahara mdogo anahitaji njia inayopunguza mshahara wenyewe. Mwenye mshahara wa juu hupata matokeo yale yale ya riba kwa njia zote tatu.

Wenye kipato kinachozidi paundi 100,000

Kila paundi mbili za kipato kinachozidi paundi 100,000 hupunguza kwa paundi moja kile kiwango cha paundi 12,570 kisichotozwa kodi, hadi kinapokwisha kabisa katika paundi 125,140. Riba huhesabiwa hapa hata ile inayotozwa asilimia sifuri. Mtu mwenye mshahara wa paundi 105,000 na riba ya paundi 500 halipi kodi ya riba hiyo moja kwa moja, lakini riba hiyo humnyang'anya paundi 250 za kiwango kisichotozwa kodi, na kwa asilimia 40 hiyo ni kodi ya paundi 100. Kuachia mshahara hadi jumla ya kipato, pamoja na riba, irudi paundi 100,000 huondoa gharama hiyo.

Kitakachobadilika kuanzia 2027

Kwa mujibu wa Bajeti ya Novemba 2025, kuanzia Aprili 2027 riba itatozwa asilimia 22 katika daraja la msingi, asilimia 42 katika daraja la juu na asilimia 47 katika daraja la mwisho. Nafuu za paundi 1,000, 500 na 5,000 zinaendelea. Mhandisi wa mfano wa kwanza, asipoachia mshahara, atalipa paundi 168 badala ya 160. Mfanyakazi wa muda atalipa paundi 440 badala ya 400.

Kuhusu Bima ya Taifa, ukomo wa paundi 2,000 utakaoanza Aprili 2029 haugusi kodi ya mapato. Mshahara ulioachwa utaendelea kutohesabiwa katika kipato kinachotozwa kodi hiyo. Kwa maneno mengine, athari ya kuachia mshahara kwa kodi ya riba itabaki hata baada ya 2029. Kitakachopungua ni akiba ya Bima ya Taifa kwa kiasi kinachozidi ukomo.

Riba inayopatikana katika akaunti za ISA, ambazo mkazi wa Uingereza huruhusiwa kuweka hadi paundi 20,000 kwa mwaka, haihesabiwi popote katika hesabu hizi. Kuanzia Aprili 2027, walio na umri chini ya miaka 65 wataruhusiwa kuweka hadi paundi 12,000 tu kati ya hizo katika ISA ya fedha taslimu.

Kwa Wakenya wenye akiba nyumbani

Sheria ya kodi ya Kenya hufuata mkondo mwingine. Benki nchini hukata asilimia 15 ya riba ya mteja binafsi, na kwa mkazi kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Mfanyakazi aliyeko Kenya anaweza kupunguziwa kipato kinachotozwa kodi kwa michango ya pensheni ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, kiwango kilichoongezwa kutoka shilingi 20,000 kuanzia tarehe 27 Desemba 2024. Lakini achangie kidogo au kingi, riba yake benki hukatwa asilimia 15 ile ile. Mazoea hayo ya nyumbani ndiyo huwafanya baadhi ya walioko Uingereza kudhani kuwa pensheni na riba ni mambo mawili yasiyokutana.

Mkazi wa Uingereza hutozwa kodi kwa kipato chake cha dunia nzima. Riba ya akaunti iliyoko Nairobi au Mombasa, hata baada ya kukatwa asilimia 15, inapaswa kutangazwa kwa HMRC na huongezwa juu ya mshahara kama riba nyingine. Inaweza ikamvusha mtu mpaka wa paundi 50,270 bila yeye kutambua. Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuepusha kutoza kodi mara mbili, ambao huwezesha kodi iliyolipwa Kenya kuhesabiwa dhidi ya kodi ya Uingereza kwa riba ile ile. Hata hivyo, riba ikiwa imefunikwa na nafuu ya Uingereza, hakuna kodi ya huko ya kupunguza, na kiasi kilichokatwa Kenya hakirudishwi na HMRC.

Tangu tarehe 6 Aprili 2025, mtu aliyehamia Uingereza baada ya kutokuwa mkazi wake kwa miaka 10 mfululizo anaweza kuomba kipato chake cha nje kisitozwe kodi huko katika miaka minne ya kwanza ya ukazi. Anayeomba hupoteza kiwango cha paundi 12,570 kisichotozwa kodi kwa mwaka husika. Kwa mwenye mshahara wa paundi 30,000, hasara hiyo ni kodi ya ziada ya paundi 2,514, hivyo ombi hilo halimfai mwenye riba ndogo nyumbani.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kutia saini

Kwanza, makubaliano ya kuachia mshahara lazima yafanyike kabla ya mshahara husika kustahili kulipwa. Hayarudishwi nyuma. Anayegundua mwezi Mei kwamba alivuka mpaka katika mwaka uliomalizika tarehe 5 Aprili hawezi kuurekebisha mwaka huo kwa njia hii.

Pili, mshahara unaobaki hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha kisheria, ambacho kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi ni paundi 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026.

Tatu, mshahara mdogo kwenye karatasi unaweza kupunguza kiasi cha mkopo wa nyumba ambacho benki itakubali kutoa, na unaweza kuathiri malipo ya likizo ya uzazi. Mwenye viza ya kazi, ambayo hutegemea kiwango maalumu cha mshahara, anapaswa kupata uthibitisho wa mwajiri aliyemdhamini kabla ya kubadilisha mkataba.

Nne, fedha zilizoingia katika pensheni kwa kawaida haziwezi kutolewa kabla ya umri wa miaka 55, na umri huo utapanda hadi miaka 57 tarehe 6 Aprili 2028. Asiye na akiba ya dharura hafaidiki kwa kuokoa paundi 160 za kodi huku akifungia fedha atakazozihitaji mwezi ujao.

Tano, riba ya akaunti ya muda maalumu inayolipwa mara moja mwishoni huhesabiwa yote katika mwaka inapolipwa. Mwenye amana ya miaka miwili aangalie mwaka inapoiva, kwa kuwa huo ndio mwaka anaoweza kuvuka mpaka. Riba ya akaunti ya pamoja ya wanandoa kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu.

Mwisho, HMRC hukusanya kodi ya riba ya waajiriwa wengi kwa kubadilisha namba yao ya kodi kazini, ikitumia makadirio yanayotokana na mwaka uliotangulia. Aliyeanza kuachia mshahara katikati ya mwaka anaweza kuendelea kukatwa kwa makadirio ya zamani. Anashauriwa kukagua makadirio hayo katika akaunti yake ya kodi mtandaoni na kuyasahihisha. Kodi iliyolipwa kupita kiasi inaweza kudaiwa ndani ya miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi husika, na mwenye riba na gawio vinavyozidi paundi 10,000 kwa mwaka anapaswa kuwasilisha ritani yake mwenyewe.